Wakaguzi wananiuliza kuhusu ofisi ya utumishi. Niseme au ninyamaze?

Shikamoo mama.

Nina miaka 41, kwetu Tanga, na huu ni mwaka wa saba niko askari wa magereza katika jimbo moja la Marekani, upande wa Magharibi ya Kati. Jimbo silitaji maana Waswahili wa huku tunajuana. Gereza letu ni la wanaume. Mume wangu yuko ghalani zamu ya usiku, tuna watoto watatu, na bima ya afya ya nyumba nzima inatoka kwenye kazi yangu.

Nimeomba usajini mara mbili. Mara ya kwanza ni miaka mitatu iliyopita, nikaambiwa bado sijaiva. Mwaka huu nikaomba tena. Mtihani wa kuandika nilipata 88 kwa 100, usaili wakanipa 61. Aliyepata nafasi ni kijana niliyemfundisha mimi mwenyewe kazi ya lango. Barua ya kunikatalia ni ya Machi 12. Sababu haina, ina kunitakia heri tu.

Nikijiuliza kwa nini, napata majibu mawili. La kwanza ni lafudhi. Nikiongea kwenye redio ya upepo kuna mtu huniigiza, na wengine wanacheka. Miaka miwili iliyopita nilimweleza luteni anayeiwakilisha ofisi ya usawa kazini pale gerezani. Akasema atalishughulikia. Sikupewa karatasi, sikuitwa. Nilipouliza baada ya miezi mitatu nikaambiwa lilishafungwa. Luteni huyohuyo alikuwa mmoja wa watatu walionisaili Februari.

La pili ni uanamke. Zamu ya mchana wanawake tuko sita. Karibu kila siku napangwa ukumbi wa wageni au lango la upekuzi, kwa kuwa wageni wa kike hupekuliwa na mwanamke. Mwenzangu wa zamu inayofuata asipokuja, nabakizwa mimi, napiga dabo, saa 16. Tangu Aprili nimehesabu dabo 31. Sasa kwenye usaili, swali lililonikwamisha lilikuwa: eleza tukio uliloliongoza bwenini. Bwenini kwenyewe napangwa siku chache sana kwa mwaka. Nikaeleza tukio la ukumbi wa wageni, nikaona kalamu zimetulia.

Mwezi huu wamekuja wakaguzi wa bunge la jimbo. Wanatathmini huduma za rasilimali watu na za usawa wa ajira kwa watumishi wa magereza. Tumeletewa dodoso la maswali 38 kwenye barua pepe ya kazini, na baadhi yetu tumechaguliwa kwa mahojiano ya dakika 40. Nami nimo. Kapteni alituambia kwenye gwaride la asubuhi, "Tukumbuke nyumba yetu ina sifa gani." Hakuongeza neno.

Kuna jambo jingine linaloninyima usingizi. Rafiki yangu wa ofisi ya utumishi alinitumia kwenye simu picha ya karatasi za alama za usaili, yangu na za wenzangu wote. Kwenye yangu msaili mmoja ameandika pembeni kwamba ni vigumu kunifuata ninapoongea. Za wenzangu hazina maandishi yoyote pembeni.

Mume wangu anasema nijaze dodoso kwa maneno matamu, yapite. Mwakilishi wa chama cha wafanyakazi anasema niwape wakaguzi kila kitu, pamoja na picha, kesi yangu itakuwa imefika. Nikinyamaza naona nimewatupa wenzangu watano. Nikisema, nani atanilinda? Nakuandikia leo Oktoba 5. Mahojiano ni wiki mbili zijazo.

Mwenye Lafudhi

*

Marahaba mwanangu.

Barua yako ina mambo matatu yaliyofungwa kwa kamba moja. Kuna cheo ulichonyimwa. Kuna ofisi iliyopaswa kukusikiliza, ikalifunga jambo lako bila hata karatasi. Halafu kuna wakaguzi, ambao hawakuja kwa ajili yako bali kuzipima ofisi hizo. Mwakilishi wako wa chama, kwa nia njema bila shaka, amelifanya la tatu kuwa la kwanza. Ningependa tuanzie hapo, kwa sababu siku zinahesabiwa.

Tathmini si malalamiko. Ukiwaeleza wakaguzi yote, wakayaandika yote na kukuamini, bado hakuna shauri lililofunguliwa. Sura ya VII ya Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, ambayo tangu 1972 inawabana pia waajiri wa serikali za majimbo, inataka mtu apeleke shauri lake kwa tume ya usawa wa ajira, EEOC, ndani ya siku 180 tangu tendo. Kama jimbo lina chombo chake cha kushughulikia ubaguzi wa aina hiyo, na mengi yanacho, muda unakuwa siku 300. Ukihesabu kuanzia Machi 12, siku ya 180 ilikuwa Septemba 8, imeshapita. Siku ya 300 ni Januari 6. Ripoti za ukaguzi huchukua miezi mingi, na hakuna anayekusimamishia siku wakati zinaandikwa. Hata malalamiko unayopeleka kupitia chama hayazisimamishi. Watu wengi wamepotezea haki yao hapo, wakisubiri majibu ya ndani huku kalenda inaisha.

Kile cha miaka mitatu iliyopita kimeshafungwa kama shauri. Mwaka 2002, katika kesi ya Morgan dhidi ya shirika la reli la Amtrak, Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema kila kunyimwa cheo ni tendo linalojitegemea, lenye siku zake. Kinaweza kutajwa kama historia, basi.

Sisemi ukafungue shauri. Nasema usije ukatoka kwenye yale mahojiano ya dakika 40 ukiamini umelifungua.

Sasa niruhusu niguse majibu yako mawili. Umeitanguliza lafudhi, na naelewa, maana kuigizwa mbele za watu kunauma kuliko ratiba. Msimamo wa EEOC ni kwamba mwajiri anaweza kuitazama lafudhi pale tu inapomzuia mtu kweli kufanya kazi yake. Mwajiri wako atasema gerezani redio ni usalama, na hilo si neno la kupuuza. Lakini umeongea kwenye redio hiyohiyo miaka saba. Tathmini zako za kila mwaka zinasemaje? Kuna hata moja iliyoandika kwamba ujumbe wako haukueleweka? Kama hakuna, yale maneno ya pembeni yanahitaji maelezo. Wakati huohuo, "vigumu kumfuata" linaweza pia kuwa neno la msaili aliyeona jibu limepinda kona nyingi. Mimi sikuwepo, nawe hukuwa kichwani mwake.

Jibu lako la pili umelitaja kama nyongeza, nami naliona lina mizizi mirefu zaidi. Umeulizwa uongozi wa bwenini na watu wanaokupanga langoni. Basi alama 61 huenda zilianza kuandikwa zamani, kwenye karatasi ya kupanga zamu. Jopo linaweza kuwa lilikupima kwa haki kabisa kwa swali lile, na bado matokeo yakawa ya upendeleo, kwa kuwa swali lenyewe linamfaa aliyepewa nafasi ya kukaa bwenini.

Mahakama zinakubali kwamba gerezani jinsia wakati mwingine ni sehemu ya kazi. Katika kesi ya Dothard ya mwaka 1977, sheria ya Alabama iliyotaka askari wa magereza awe na kimo kisichopungua futi 5 na inchi 2 na uzito wa pauni 120 ilitupwa, kwa kuwa iliwafungia nje wanawake wengi bila sababu ya kikazi. Kesi hiyohiyo ikaruhusu Alabama iwazuie wanawake kugusana moja kwa moja na wafungwa katika magereza yake ya wanaume ya ulinzi mkali, jinsi yalivyokuwa na vurugu wakati ule. Kwa hiyo usitegemee kwamba kusema "napangwa hapa kwa sababu ni mwanamke" kunatosha. Upekuzi wa wageni wa kike ni hitaji halali. Swali ni kiasi. Wageni wanaingia siku ngapi kwa wiki, saa ngapi hadi saa ngapi? Siku ambazo ukumbi umefungwa unapangwa wapi? Kwa nini mwanamke mmoja wa kuitwa wakati wa upekuzi asitoshe, wengine watano wakazunguka mabwenini? Mwaka 2008 mahakama ya rufaa inayohudumia Wisconsin, Illinois na Indiana iliitazama mahabusu ya watoto ya Milwaukee, ambako upangaji wa zamu kwa jinsia uliwapunguzia wanawake saa za kazi, ikasema kaunti haikuonyesha kwamba mpango ule ulikuwa wa lazima. Na mwaka 2024, katika kesi ya sajini wa kike wa polisi wa St. Louis, Mahakama ya Juu ilisema aliyehamishwa kwa sababu ya jinsia hahitaji kuthibitisha hasara kubwa. Hasara fulani kwenye masharti ya kazi inatosha, hata kama cheo na mshahara havikuguswa.

Tazama pia kalenda. Cheo kina Januari 6 yake. Ratiba ya zamu inatoka upya kila mara, na kila upangaji wa ubaguzi una siku zake. Huko muda haujakubana.

Ushahidi wa jambo hili unao tayari, na ni wako kihalali. Hati za malipo zinaonyesha saa za ziada. Ratiba iliyobandikwa kila mtu anaiona. Nunua daftari, uliweke nyumbani, usiandike chochote kwenye kompyuta ya kazi. Safu nne zinatosha: tarehe, kituo, saa, na kama uliomba au ulipangwa. Dabo andika pia nani alikuamuru na kama kulikuwa na mwanamume mwenye utumishi mdogo kuliko wako aliyerudi nyumbani siku hiyo. Hiyo ya mwisho ndiyo watu husahau, na bila hiyo dabo 31 ni uchovu tu, hazimlinganishi yeyote na yeyote.

Tuje kwa wakaguzi. Huduma ya usawa kazini hupimwa kwa vitu vya kuhesabika: malalamiko mangapi yalipokelewa, siku ngapi hadi kufungwa, mangapi yalithibitishwa, walalamikaji wangapi walipewa jibu kwa maandishi. Kwenye vyeo watalinganisha hatua kwa hatua, walioomba, waliofaulu mtihani, waliovuka usaili. Kipo kipimo cha nne ya tano, cha kanuni za shirikisho za 1978: kundi likipandishwa kwa kiwango kilicho chini ya asilimia 80 ya kiwango cha kundi linaloongoza, wanasimama na kuuliza. Chukua mfano wa hesabu tu: wanaume 40 wameomba, 10 wamepata, ni asilimia 25. Wanawake 12 wameomba, mmoja amepata, ni kama asilimia 8, yaani theluthi ya kile cha wanaume. Inatisha. Ongeza wanawake wawili tu waliopata, na wanalingana na wanaume. Kwenye gereza moja idadi ni ndogo mno kusema jambo peke yake, ndiyo sababu maelezo ya watu kama wewe yanatafutwa.

Na kuna kitu hawatakiona kwenye jedwali lolote. Lalamiko la mdomo lisiloandikwa halipo. Ofisi isiyoandika malalamiko husomeka kama ofisi isiyo na malalamiko, na neno "lilishafungwa" hugharimu pumzi moja. Unaweza kuwapa mwezi, mwaka, wadhifa wa uliyemweleza, na kuwaomba walitafute kwenye rejesta. Wasipolikuta, hilo lenyewe ni jibu walilokuja kulitafuta. Waulize pia kama ni sawa mpokea malalamiko kukaa kwenye jopo linalomsaili mlalamikaji; hapo huhitaji kumshutumu luteni kwa lolote.

Kuhusu jopo, wakaguzi wanaweza kuuliza usichoweza kuuliza wewe. Je, wasaili wote walitumia maswali yaleyale kwa kila mwombaji? Kulikuwa na mwongozo unaosema jibu la alama 5 lina nini na la alama 2 limekosa nini? Kila msaili aliandika alama zake kabla ya kuzungumza na wenzake, au walikubaliana kwanza? Karatasi hizo kanuni za shirikisho zinataka waajiri wa serikali za majimbo wazitunze miaka miwili, na shauri likifunguliwa zisiguswe hadi liishe. Za Februari bado zipo, au zinapaswa kuwepo. Za miaka mitatu iliyopita huenda zilishateketezwa bila kosa lolote.

Unaogopa kujulikana, na hofu hiyo ina msingi. Dodoso limekuja kwenye barua pepe ya kazi. Likiuliza jinsia, asili, zamu na miaka ya utumishi, katika wanawake sita hakuna siri tena. Hata bila jina umeandika jina. Maswali hayo ya utambulisho kwa kawaida unaweza kuyaruka. Kabla ya swali la kwanza la mahojiano, uliza wewe: majibu yangu yatashikwa na nani, mnachapisha takwimu za kundi la watu wangapi kwenda juu, sheria ya jimbo ya kumbukumbu za umma, inayomruhusu mtu kuomba nyaraka za serikali, inagusa maandishi yenu, na nikieleza unyanyasaji mnalazimika kuupeleka kwa mwajiri? Hilo la mwisho usiliache, maana wakilazimika, jambo linaweza kurudi mezani kwa luteni yuleyule. Omba pia muongee kwa simu siku ya mapumziko yako. Mkaguzi mzoefu hashangai kuombwa hivyo.

Uliuliza nani atakulinda. Mwaka 2009 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya Vicky Crawford, mtumishi wa serikali ya Nashville wa idara ya mishahara. Hakwenda kulalamika, aliitwa na mwajiri kwenye uchunguzi wa ndani, akaulizwa kuhusu bosi mmoja, akajibu ukweli, baadaye akafukuzwa. Mahakama ikasema anayejibu alipoulizwa analindwa sawa na aliyejipeleka. Wewe unaulizwa na wakaguzi wa bunge, si na mwajiri, kwa hiyo mwanasheria wa kazi akutazamie kama sheria za jimbo lako zinaziba pengo hilo. Kesi nyingine, ya mwaka 2006, ilisema kisasi si kufukuzwa tu: chochote ambacho kingemfanya mfanyakazi wa kawaida asite kulalamika kinaweza kuwa kisasi, hata kupangiwa kazi ngumu zaidi.

Ila ulinzi huo una masharti. Unamfunika anayepinga ubaguzi, si anayelalamika kwamba ofisi ni ya wavivu. Ukisema "hawanitendei haki" umesema kidogo. Ukisema "naamini napangwa hivi kwa sababu ni mwanamke" au "kwa sababu ya nchi nilikotoka", umeweka maneno ambayo sheria inayatambua. Na ulinzi huja baada ya kuumia, hauji kabla. Crawford aliulizwa mwaka 2002, hukumu ya Mahakama ya Juu ikatoka 2009.

Hapa namwelewa mumeo. Anaiona bima, anaona watoto watatu. Lakini kuna njia zaidi ya mbili. Unaweza kujibu dodoso kwa kifupi na mahojiano ukayakataa kwa adabu. Gharama yake ni kwamba jedwali litabaki lilivyo, na Januari 6 inakuja vilevile. Unaweza kueleza ratiba, dabo na rejesta kama mambo ya wanawake sita, bila kugusa cheo chako. Ni salama kiasi, ingawa usipotaja ubaguzi waziwazi, ulinzi nao unapungua. Wenzako watano wanasemaje? Hujatuambia kama umewauliza, na huenda baadhi yao wanalipenda lango kuliko bweni. Au unaweza kufungua shauri EEOC, sambamba na ukaguzi au badala yake. Huko ujue kwamba mwajiri huarifiwa ndani ya siku 10, kwamba usuluhishi hutolewa mara nyingi mapema, na kwamba kwa kuwa mwajiri ni serikali ya jimbo, barua ya kukuruhusu kwenda mahakamani hutolewa na Wizara ya Sheria, au na EEOC yenyewe ikilitupilia mbali shauri, ukipewa siku 90. Kaa na mumeo na kalenda mezani, si na hasira ya nani yuko sahihi. Saa moja kwa mwanasheria kabla ya mahojiano huenda ikawapunguzia nyote wawili usingizi uliopotea.

Imebaki picha. Karatasi za wenzako ni siri za utumishi, na mahakama za rufaa zimewahi kukataa kumlinda mfanyakazi aliyepeleka nje nyaraka za siri, hata alipokuwa na malalamiko ya kweli. Zaidi ya hapo, simu ilipita wapi? Kama picha ilipigwa ndani ya uzio, kwenye magereza mengi simu yenyewe ni kosa, na litakuwa la kwanza kuchunguzwa. Wakaguzi hawaihitaji picha yako. Wana uwezo wa kuziomba karatasi halisi ofisini, wakijua tu waombe nini: karatasi za alama za usaili wa sajini wa Februari, pamoja na maandishi ya pembeni. Usiisambaze. Usiifute pia kabla hujamwonyesha mwanasheria, maana kufuta nako kuna maswali yake. Kabla ya kumtajia mtu yeyote kwamba ipo, ongea na rafiki yako wa utumishi, nje ya kazi, uso kwa uso. Kwenye picha hiyo yeye ana cha kupoteza zaidi kuliko wewe, na sidhani kama siku ile alipoituma alikuwa amelipigia hesabu hilo.